Uthiru: Jiji Lilipowafuata Wenyeji Nyumbani Kwao

Na Mwandishi Wetu

Abiria anayepanda matatu katikati ya jiji la Nairobi jioni akielekea upande wa magharibi huwa na muda wa kutosha kulimaliza gazeti lake kabla ya kumsikia utingo akiligonga bodi na kuwaita wa Uthiru wasogee mlangoni. Gari litakuwa limepita Museum Hill, Westlands, njia panda ya James Gichuru, Kangemi na Mountain View. Ni mwendo wa kilomita 15 hivi, ingawa siku ya mvua mtu angedhani anakwenda Nakuru.

Ukishuka, kinachokulaki kwanza ni baridi. Hapa ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai hata mwenye kibanda cha kuchoma mahindi huwa hasogei mbali na jiko lake. Cha pili ni lugha. Mama mboga anakatia mteja sukuma wiki huku akizungumza Kikuyu, wateja wawili nyuma yake wanasalimiana kwa Kiluhya, fundi wa viatu anafuatilia redio ya Dholuo, na watoto wanaotoka shule wanapita katikati yao wote wakipiga Sheng ambayo hakuna hata mmoja wa wazee hao aliyewafundisha.

Huenda msomaji akauliza kuna ajabu gani hapo. Si Nairobi nzima ndivyo ilivyo? Ndivyo. Lakini Uthiru ina kisa chake. Katika mitaa kama Pumwani, Kaloleni au Makongeni, kila aliyepo, au babake, au babu yake, alitoka mahali pengine akalifuata jiji. Uthiru, walio wengi ndio waliolifuata jiji. Wako wengine ambao hawakuhama hata hatua moja. Walikaa palepale kwenye shamba la babu yao, na jiji likawajia.

Wala halijamaliza kuja. Hadi leo Uthiru imegawanyika. Upande mmoja ni Kaunti ya Nairobi, katika eneo bunge la Dagoretti Kusini, wadi ya Uthiru/Ruthimitu. Upande wa pili ni Kaunti ya Kiambu, eneo bunge la Kabete, na huko nako kuna wadi iitwayo Uthiru. Tangu serikali za kaunti zilipoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013, majirani wanaoazimana chumvi wamekuwa na magavana wawili. Mwenye duka hapa huchukua kibali chake cha biashara kwa kaunti moja, na mwenzake wa kule huchukua kwa kaunti nyingine. Mgeni hawezi kujua alipovuka mpaka. Na kusema kweli, wenyeji wengine nao hukisia tu.

Mgawanyiko huo una historia. Nchi hii ya Kabete ilikuwa ikiwalisha wasafiri kabla Nairobi haijakuwako. Misafara iliyotoka pwani kuelekea Uganda ilisimama huku kununua mahindi, maharagwe na viazi vitamu kwa Wakikuyu. Mwaka 1891 Waingereza wa kampuni ya IBEA walijenga ngome yao, Fort Smith, hapa hapa Kabete, na mwaka uliofuata wakamkamata kiongozi wa eneo hili, Waiyaki wa Hinga, wakamsafirisha kuelekea pwani. Alifia njiani, Kibwezi. Barabara inayotuleta Uthiru ndiyo inayoitwa kwa jina lake. Reli ilifika kwenye kinamasi cha Nairobi mwaka 1899, na kutoka hapo mambo yakageuka. Badala ya wageni kupita Kabete wakitafuta chakula, watu wa Kabete wakawa wanateremka mjini kuuza mboga na kutafuta kazi, na jioni wakirudi makwao.

Kurudi huko hakukuwa kwa hiari tu. Mwafrika katika Nairobi ya wakoloni alihesabiwa kuwa mgeni. Alibeba kipande shingoni kuonyesha kwamba ana mwajiri, na kazi ikiisha alitakiwa aondoke. Aliyepata chumba mara nyingi alipata cha mtu mmoja, kwa kuwa mke na watoto walitarajiwa wabaki mashambani. Ndiyo sababu hesabu ya watu ya 1948, ilipokuta watu 118,976 jijini, ilikuta pia kwamba wanaume wa Kiafrika walikuwa wengi mno kuliko wanawake. Aprili 1954, wakati wa hali ya hatari, serikali ilifanya Operesheni Anvil, ikawazoa maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wengine wakapelekwa kizuizini na wengine wakarudishwa mashambani.

Kisha ukaja mwaka wa uhuru. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa mara kadhaa kuliko ilivyokuwa, na Dagoretti, iliyokuwa ya Kiambu, ikaingizwa ndani. Mkulima wa Dagoretti aliyelala mtu wa mashambani akaamka mtu wa jiji, na ng'ombe wake wakaamka naye.

Tofauti kubwa ilikuwa ardhi. Mashamba ya huku hayakuwa ya baraza la jiji wala ya reli. Katika miaka ya 1950 ardhi ya Wakikuyu ilikusanywa, ikapimwa na kuandikishwa kwa majina ya wenyewe. Kwa hiyo jiji lilipofika lilikuta shamba lina mwenyewe na hati yake. Mzee alipofariki, wana waligawana. Wajukuu nao wakagawana kilichobaki. Ekari ya babu ikawa robo, na robo ikawa kipande cha kutosha nyumba moja na migomba mitatu.

Hapo ndipo hesabu ya mwenye shamba inapoanza. Ng'ombe anataka nyasi, na mahali pa kupanda nyasi hapapo tena. Mahindi yanataka mvua. Chumba cha kupangisha hakitaki mvua wala daktari wa mifugo. Mmoja akajenga vyumba vinne vya mbao na mabati nyuma ya nyumba yake, jirani akaona, akajenga sita vya mawe. Siku hizi mahali palipokuwa na zizi pamesimama gorofa, na nguo zimeanikwa hadi paani. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba mifugo haijatoweka kabisa katika fikira za Uthiru. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, iliyoanza mwaka 1973 kwa jina la ILRAD ili kuchunguza maradhi kama ndigana na nagana, ina makao yake makuu hapa hapa. Wanasayansi kutoka pembe zote za dunia huja Uthiru kujifunza habari za ng'ombe, na nje ya ua ng'ombe wanazidi kuwa wachache.

Na wapangaji ni nani? Wengi wametoka Magharibi, Nyanza na Ukambani, na wengine katika wilaya za kati ambako mashamba yameisha kugawanywa vilevile. Hawaji ovyo. Mmoja hutangulia, akapata kazi ya ujenzi au ya ulinzi Westlands au Lavington, akakodi chumba. Akishatulia humwita ndugu wa mkewe. Huyo naye humwita mtoto wa jirani aliyemaliza kidato cha nne. Baada ya miaka michache utaikuta ploti nzima inatoka lokesheni moja, na mwenye nyumba wa Kikuyu ameanza kuelewa Kiluhya kuliko anavyokubali. Kijana anayechelewesha kodi hubisha hodi kwa adabu, "Shosho, nivumilie hadi tarehe tano," na shosho atamvumilia, lakini kwanza atamkumbusha ya mwezi uliopita.

Wanafunzi ni kundi jingine. Kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko karibu, na taasisi ya ufundi ya Kabete, ambayo sasa ni National Polytechnic, ilianza mwaka 1924. Kijana huja kusoma miaka miwili au minne, na wengi wakimaliza hawaoni sababu ya kurudi.

Zamani aliyekuja alikuwa mwanamume, na barua ndiyo iliyokwenda nyumbani kwa mke. Hebu tazama sasa. Hesabu ya Agosti 2019 ilikuta watu 4,397,073 katika Nairobi, na wanawake walikuwa 2,204,376 dhidi ya wanaume 2,192,452. Miaka kumi kabla, 2009, wanaume walikuwa wangali mbele. Mwanamke hangoji tena kuitwa na mume. Anakuja mwenyewe, kusoma, kuuza, kuajiriwa, na wengine wanakuja kuyakimbia yaliyowashinda nyumbani. Kiambu nayo, iliyodhaniwa ni mashamba ya kahawa na chai, ilitoka watu 1,623,282 mwaka 2009 hadi 2,417,735 mwaka 2019. Wengi wa hao ni watu wa Nairobi kwa kila kitu isipokuwa jina la kaunti.

Si wote waliokuja kwa kupenda. Mapigano ya kikabila ya Bonde la Ufa kati ya 1991 na 1993 yaliwasukuma wengi mijini, na ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yakafanya hivyo tena. Wakati huo vurugu hazikuwa za mbali. Kangemi na Kawangware, majirani wa Uthiru, ziliwaka mwanzoni mwa 2008. Mahali ambapo mwenye nyumba ni kabila moja na mpangaji ni jingine, siasa mbaya hugeuza kodi ya mwezi kuwa kesi ya nani ana haki ya kukaa wapi. Wanasiasa wanalijua hilo. Ndiyo maana kila mwaka wa uchaguzi kuna wapangaji ambao huwatanguliza watoto mashambani mapema, kisha husema ni likizo tu.

Mwaka 2020 serikali yenyewe ilichora upya mpaka wa jiji bila kukusudia. Tarehe 6 Aprili, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku watu kutoka wala kuingia eneo la Nairobi na viunga vyake. Kizuizi hakikuwekwa kwenye mpaka wa kaunti. Upande huu kilisogezwa hadi Rironi, mbali baada ya Kikuyu, na Uthiru zote mbili zikawa ndani. Kwa miezi mitatu, hadi Julai, mtu wa Uthiru ya Kiambu hakuweza kuvuka kwenda Naivasha lakini aliweza kwenda Westlands. Waliofiwa nyumbani walitazama mazishi kwenye simu.

Hilo la mazishi ndilo linalowauma wengi. Mpangaji wa Uthiru hupeleka fedha nyumbani kwa M-Pesa, hujenga nyumba kule, na Desemba husimama kando ya barabara na magunia yake akingoja gari lenye nafasi, nauli ikiwa imepanda. Akifa, chama cha watu wa kwao huchanga, na mwili huondoka. Wakenya wengi wangali wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyeishi na kufanya kazi Nairobi miaka mingi. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike karibu na jiji, na ukoo ukataka Nyalgunga, Siaya. Mei 1987 ukoo ulishinda. Nyumba ya mjini ilionekana kuwa nyumba tu.

Mwenyeji wa Uthiru hana pa kupelekwa. Wazee wake wamezikwa shambani, na shamba limekuwa ploti. Kuna boma ambapo kaburi la babu limebaki kati ya ukuta wa gorofa na tangi la maji, limezungushiwa maua, na watoto wa wapangaji wamekatazwa kupigia mpira hapo. Familia ikitaka kuuza, mnunuzi huuliza kwanza habari za kaburi.

Watoto hao waliokatazwa ndio wengi wa darasa lolote la Uthiru leo. Wamezaliwa hapa, kabila lao wanalijua kwa salamu na majina ya vyakula. Mwalimu anapogawa fomu zenye mahali pa kuandika kaunti ya nyumbani, mmoja huandika Kakamega, ambako amekwenda Desemba mara tatu. Mwenzake wa dawati hilohilo, mjukuu wa mwenye ploti, huinua mkono na kuuliza aandike Nairobi au Kiambu.