Uso Usafishwe, Usiunguzwe

Katika mambo yanayowasumbua vijana wanaokulia kambini, chunusi huhesabiwa kuwa jambo dogo. Hakuna askari aombaye ruhusa ya kazi kwa ajili yake, wala mzazi hakopi fedha ili ampeleke mtoto wake hospitali kwa sababu ya vipele usoni. Lakini mimi naishi na mdogo wangu wa kike, msichana wa miaka kumi na saba, na kwake yeye nimejionea kwamba jambo hili dogo laweza kumfungia mtu ndani kama ugonjwa wenyewe. Alikuwa akienda bombani usiku ili asionekane. Alikataa kupigwa picha ya shule. Naye ndiye yule yule aliyekuwa akisema tangu utotoni kwamba atakuwa askari polisi kama shemeji yake, na kusimama mbele ya watu bila woga.

Basi, wasomaji wapendwa, nimeona heri niyaandike haya kwa ajili ya nyumba zenye vijana, na pia kwa ajili ya askari wenyewe, ambao nyuso zao hunyolewa kila siku na kuchomwa na jua la gwaride.

Kwanza tuifahamu ngozi yenyewe. Uso una vitundu vingi vidogo, na katika kila kitundu mna shina la unywele. Ubavuni mwa shina hilo mna tezi itoayo mafuta. Mafuta hayo si uchafu, bali ni ulinzi, kwani ngozi isiyo na mafuta hukauka na kupasuka. Mtoto anapobalehe, homoni za mwili huziamsha tezi zile zifanye kazi kupita kiasi. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa huziba kitundu, vijidudu vya kawaida vya ngozi huzaliana humo, na mwili unapopigana navyo hutokea uvimbe na usaha. Hiyo ndiyo chunusi. Hata ile nukta nyeusi ionekanayo puani si vumbi, bali ni mafuta yaliyozibana kitunduni na kugeuka rangi kwa kupata hewa. Kwa hiyo mtoto mwenye chunusi asiambiwe kwamba ni mchafu. Mara nyingi yeye ndiye anayenawa kuliko wote nyumbani.

Na hapo ndipo penye hatari, kwa maana kunawa kupita kiasi ni sehemu ya tatizo. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kupima uchachu kwa karatasi ya litimasi, na somo hilo lanisaidia mpaka leo. Ngozi ya uso ina uchachu kidogo, kiasi cha 5 hivi katika kipimo cha pH, hali maji safi ni 7. Sabuni ya kipande, ile ya kufulia na hata nyingi za kuogea, hufika 9 au 10. Anayesugua uso kwa sabuni kali mara tano kwa siku huondoa mafuta na kuuvuruga uchachu huo uliokuwa ngao yake. Ngozi huwasha, hukakamaa na kuwa nyekundu au nyeusi zaidi, na chunusi zaendelea kama kawaida.

Ndiyo maana wauza vipodozi walileta maji wayaitayo tona. Kazi yake ya asili ilikuwa kufuta mabaki ya sabuni na mafuta baada ya kunawa, na kuirudisha ngozi katika hali yake. Nyingi za zamani zilitiwa spiriti. Nitatoa mfano mmoja. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wakichemsha maganda na vijiti vya kichaka kiitwacho hamamelisi ili kutibu ngozi iliyovimba. Mwaka 1846 Mmarekani aitwaye Theron T. Pond alianza kuuza maji ya kichaka hicho, na jina la Pond's lajulikana mpaka leo katika maduka yetu. Lakini maji ya hamamelisi yanayouzwa kwa wingi hupatikana kwa kukusanya mvuke, na njia hiyo huiacha nyuma sehemu kubwa ya tanini iliyosifiwa. Kisha hutiwa spiriti kiasi cha asilimia 14 ili yasiharibike. Mtu husikia uso umebana na kupoa, akadhani ni mmea uliofanya kazi, kumbe ni spiriti iliyokausha. Ngozi yenye chunusi haihitaji adhabu ya namna hiyo.

Maji ya mimea yaliyo mapole ni yale yasiyo na spiriti. Hapa kwetu Uganda hatuna haja ya kwenda mbali. Chai yastawi Bushenyi na Fort Portal, na mchai utupatiao chai nyeusi ndio utupatiao chai ya kijani. Tofauti ni kwamba majani ya chai ya kijani hutiwa moto mapema kabla hayajageuka rangi kwa hewa. Tanini na viungo vyake vingine hupoza uvimbe, na yamekuwapo majaribio machache, madogo, yaliyoonyesha kwamba dawa ya kupaka yenye chai ya kijani hupunguza chunusi kwa kiasi fulani. Maji ya waridi, ambayo jamaa zetu Waislamu huyanyunyiza katika maulidi na arusi, nayo yana uchachu kidogo uelekeanao na ule wa ngozi. Yapatikana katika maduka ya Wahindi mjini Kampala. Msomaji asome karatasi ya chupa, maana nyingine ni maji yaliyotiwa manukato tu, na manukato yaweza kuwasha uso.

Njia tunayoitumia nyumbani ni hii. Chukua kijiko kimoja cha chai cha majani ya kijani. Yamwagie maji yaliyochemka na kupumzika kidogo, kiasi cha mililita 200, yaani glasi moja ndogo. Funika kwa dakika kumi, chuja kwa kitambaa safi, acha yapoe kabisa. Tia katika chupa iliyochemshwa. Uso unawe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni pole, asubuhi na jioni tu, ukaushwe kwa kugusagusa taulo bila kusugua. Kisha chovya pamba na kupitisha taratibu, ukiepuka macho. Maji haya hayana dawa ya kuyahifadhi, kwa hiyo yawekwe mahali pa baridi na kumwagwa baada ya siku tatu. Asiye na jokofu atengeneze ya siku moja tu. Kabla ya kuyatumia usoni mara ya kwanza, paka kidogo ndani ya mkono na kungoja mpaka kesho yake. Ukiona vipele au mwasho, acha.

Wengine hupenda shubiri. Utomvu mweupe ulio kama uji wa katikati ya jani hupoza, lakini maji ya manjano yatokayo chini ya ganda huwasha, nayo yaoshwe kabisa kwanza. Limau na ndimu zisikaribie uso. Uchachu wake ni mkali mno, na maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuiunguza na kuacha mabaka. Askari asimamaye gwarideni saa nzima juani ndiye wa kwanza kudhurika.

Kwa upande wa wanaume, bwana wangu alikuwa na vipele shingoni na kidevuni ambavyo yeye aliviita chunusi. Havikuwa chunusi hasa. Nywele za kwetu zimejikunja. Zikikatwa karibu sana na ngozi hupata ncha kali, hupinda na kuingia tena ndani, na mwili huvimba pale zilipoingia. Dawa yake ni kulainisha ndevu kwa maji ya moto kidogo, kunyoa kwa kufuata zinakoelekea, kutovuta ngozi, na kutotafuta unyozi wa kung'aa kama sahani. Maji ya kupaka ya spiriti yanayochoma baada ya kunyoa huzidisha ghadhabu ya ngozi. Siku hizi hupitisha maji yake ya chai yaliyopoa, na shingo yake imetulia. Aidha mshipi wa ndani wa kofia na bereti uoshwe mara kwa mara, kwa kuwa jasho na msuguano wake huleta vipele kwenye paji la uso. Mafuta mazito ya nywele yanayotiririka mpaka usoni hufanya vivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Chunusi ikipona huacha doa jeusi, hasa ikiwa ilikamuliwa kwa kucha. Doa hilo hukaa miezi kadhaa kabla ya kufifia. Miezi hiyo ndiyo inayowauza vijana wetu. Mwaka jana niliona katika mkoba wa mdogo wangu mkebe mdogo wa krimu. Haukuwa na jina la kiwanda, ila picha ya mwanamke mweupe, na onyo kwamba mtumiaji avue pete za fedha kabla ya kupaka. Aliununua kwa mama mmoja apitaye nyumba kwa nyumba na kapu.

Onyo la namna hiyo ni dalili inayojulikana ya zebaki, kwa kuwa zebaki hushikana na madini ya pete. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, na hapo mtu hufurahi. Lakini hupenya mwilini na kudhuru mafigo na mishipa ya fahamu, nayo huweza kumfikia mtoto aliye tumboni, au yule alalaye juu ya shuka za mama yake. Krimu nyingine hutiwa haidrokwinoni. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika ya Kusini walieleza juu ya wanawake waliozitumia muda mrefu wakageuka weusi wa rangi ya majivu mahali pale pale walipotaka weupe. Mkataba wa Minamata, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliwalemaza watu wengi, ulianza kutumika mwaka 2017, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikata shauri kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe ifikapo mwaka 2025. Hata hivyo kapu huingia ambako mkataba hauingii.

Bwana wangu alitaka yule mama afukuzwe kambini siku ile ile. Mimi niliona kwamba akifukuzwa atauza ng'ambo ya barabara, na zaidi ya hayo ana watoto wa kulisha. Nikamwita, tukazungumza mbele ya akina mama wenzetu. Haikuwa rahisi. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, wewe ngozi yako ni laini, ndiyo maana wasema hivyo." Jirani yangu mjamzito, aliyekuwa akipaka krimu hiyo kila usiku, alininunia wiki mbili. Baadaye alikuja mlangoni na mkebe wake umefungwa katika mfuko, akaniuliza kama dawa ile imekwisha kumfikia mtoto. Sikuwa na jibu la kumpa, wala si kazi ya jirani kutoa jibu la namna hiyo. Nilimsindikiza kwa daktari, akapimwa. Mkebe tuliukabidhi kwa afisa wa afya, kwa kuwa zebaki haitupwi shimoni wala kuchomwa moto. Mama wa kapu naye siku hizi auza sabuni pole na taulo.

Mdogo wangu alilia aliponipa mkebe wake. Alisema, "Dada, wewe waniambia nisubiri, na wao wananicheka leo." Nilimjibu kwamba kweli wanacheka leo, na kwamba sitamdanganya kuwa maji ya chai yatawanyamazisha kesho. Tona pole haiponyi chunusi kubwa. Husafisha, hupoza, na huiacha ngozi ipumue wakati dawa inapofanya kazi. Kwa hiyo tulikwenda kliniki, akapewa benzoili peroksaidi ya kupaka usiku, tukaambiwa tusitoe hukumu kabla ya wiki nane. Wiki ya tatu alitaka kuacha. Wiki ya sita vipele vipya vilipungua. Madoa bado yapo, ila huenda bombani mchana.

Wazazi wenzangu, kijana mwenye vidonda vikubwa usoni, vyenye maumivu au vinavyoacha mashimo, apelekwe hospitali mapema. Msichana aolewaye au mama mjamzito amweleze daktari hali yake kabla ya kupewa dawa yoyote ya chunusi, kwa maana baadhi yake hazifai kwa mimba. Na tukague mikoba ya watoto wetu kwa upole, si kwa fimbo, tukisoma kila kilichoandikwa kwenye mkebe. Ikiwa hakuna kilichoandikwa, hilo nalo ni jibu tosha.