Tanzanite Ghafi Kariakoo

Wenyewe husema ukikosa kitu Kariakoo, jua hakijatengenezwa. Nilichokifuata mimi hakitoki kiwandani: tanzanite ghafi, yenye kingo zake na weusi wa kinywe uliong'ang'ania, kama inavyotoka shimoni Mirerani. Wakusanyaji wa mawe huitaka hivyo hivyo, maana ikishakatwa iwe kito cha pete, umbo lake la asili limekwisha.

Mtaa wa Kongo, katikati ya mashuka na makava ya simu, kijana mmoja akanivuta pembeni. "Bosi, mzigo ninao. Wa Mirerani kabisa." Akafunua karatasi. Buluu tupu. Nikaligeuza jiwe juani upande huu na ule. Rangi ile ile. Tanzanite ya asili ukiigeuza hutoa buluu, zambarau na wekundu wa kahawia. Nyingi huchimbwa zikiwa na ukahawia, kisha huchomwa kwenye nyuzi joto 500 hivi ili buluu itawale, na hata hizo bado hucheza kati ya buluu na zambarau. La kijana lilikuwa kioo.

"Bei inazungumzika, bosi wangu."

Nikamrudishia mzigo wake, nikapita stesheni ya reli ya SGR ya Dar es Salaam, ile iliyosanifiwa kwa umbo la tanzanite, hadi kwa masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi. Huko zipo, zimekatwa na kung'arishwa. Nilipotaja ghafi, sonara mmoja alicheka. "Hiyo ifuate Mirerani, kaka."

Alisema kweli. Mwaka 2018 machimbo yalizungushiwa ukuta wa kilomita 24.5, na 2021 serikali ikaagiza tanzanite ghafi iuzwe Mirerani. Mchimbaji Saniniu Laizer alipopata mawe mawili ya tanzanite Juni 2020, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, mnunuzi alikuwa serikali yenyewe, kwa shilingi bilioni 7.74.

Jiji lina Daraja la Tanzanite na stesheni ya tanzanite. Wizara ya Madini ituwekee basi kipande kimoja ghafi pale stesheni, chini ya ulinzi, abiria wa Morogoro na Dodoma walione jiwe lililolipa jengo lile sura yake.