Nililipofua jicho la baba kwa kulisafisha

Huenda nyumbani kwako kuna kitu ambacho marehemu fulani alikiacha, na kila ukikiona unajiambia, "Siku moja nitakisafisha." Labda ni saa, cherehani au redio ya zamani. Kwangu mimi kitu hicho kilikuwa lenzi ya kamera. Niliisafisha, na nusura niiue. Kaa kitako nikusimulie, ili yaliyonifika mimi yawe funzo kwako.

Marehemu baba alikuwa mpiga picha wa harusi mjini Mombasa. Kamera yake ilikuwa Pentax Spotmatic, aina iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1964, na lenzi yake ilikuwa Super-Takumar ya milimita 50, iliyotengenezwa na kampuni ya Asahi ya Japani. Ni lenzi ndogo inayoenea kiganjani, lakini ni nzito kama jiwe la mizani kwa sababu ni chuma na kioo. Mama hakupata kuiita lenzi hata siku moja. Kwake yeye ilikuwa "jicho la babako".

Baba alipofariki mwaka wa 2003, kamera ilitiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi, mkoba ukatiwa kabatini na kabati likafungwa. Ilikaa humo miaka 15. Nilipokwenda kumjulia mama hali mwaka wa 2018, aliniita chumbani akanikabidhi. Wakati huo mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, na alinitambua kwa sauti zaidi kuliko kwa sura.

"Mwanangu," alisema, "nina haja moja tu. Nipige picha kwa jicho la babako. Nikijaliwa kutibiwa haya yangu, nataka niione mwenyewe."

"Haya, mama. Kesho inshallah," nikamjibu.

Usiku ule nilifungua mkoba. Ulinuka ukungu kama nguo zilizoanikwa ndani wakati wa masika. Nilipoiinua lenzi kuelekea taa, niliona nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui zimetambaa kiooni, na kioo chenyewe kimegeuka rangi kama chai isiyo na maziwa. Nikajiambia huo ni uchafu tu. Nilipulizia pumzi, nikashika pindo la shati nikafuta. Nyuzi hazikutoka. Nikafuta kwa nguvu zaidi. Hazikutoka. Ndipo nilipokumbuka kwamba dawa ya meno hung'arisha kioo cha saa. Nikapaka, nikasugua hadi bega likauma.

Nilipoosha ile dawa, nyuzi zilikuwa pale pale na rangi ya chai ilikuwa pale pale. Kilichotoweka ni ule mng'aro wa zambarau uliokuwa juu ya kioo. Mahali pake palikuwa na mikwaruzo ya mviringo, kama ya sufuria iliyosuguliwa kwa waya. Asubuhi nilimdanganya mama kwamba filamu hazipatikani mjini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wakati mwingine." Neno hilo lilinichoma kuliko kama angenigombeza.

Niliporudi Nairobi nilitaka kuficha kosa langu kwa kununua lenzi nyingine kama ile. Nikampata muuzaji mtandaoni, picha zake zikang'aa, nikatuma pesa kwa simu kabla hata sijaishika lenzi mkononi. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Ilipofika, vile vibati vya ndani vinavyopanua na kubana tundu la mwanga vilikuwa vimelowa mafuta na kugandamana, havifunguki wala havifungi. Muuzaji hakushika simu tena.

Nikiwa na lenzi mbili mbovu mkononi, nilielekezwa kwa fundi mmoja mzee mwenye chumba kidogo ghorofani, pande za chini za jiji. Aliwasha kurunzi, akaimulika lenzi ya baba kutoka nyuma huku akichungulia kwa mbele. Kisha akacheka.

"Mwanangu, wewe ulikuwa ukisugua mlango ilhali mwizi yumo chumbani."

Mzee huyo alinieleza mambo ambayo laiti ningaliyajua mapema. Lenzi si kioo kimoja. Ile ya baba ina vioo saba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Zile nyuzi zilikuwa kuvu, kiumbe hai kinachoota penye unyevu, giza na hewa isiyotembea, na zilikuwa ndani, mahali ambapo pindo la shati haliwezi kufika hata ungesugua mwaka mzima. Mkoba wa ngozi ndio uliozilea, kwani ngozi hufyonza unyevu wa pwani na kuuhifadhi. Kuvu ikikaa muda mrefu hula kioo na kuacha alama zisizofutika. Ikiwahiwa, fundi huweza kuifungua lenzi kwa vifaa vyake na kuiondoa.

Na ile rangi ya chai? Hapo ndipo nilipostaajabu. Baadhi ya lenzi za miaka ya 1960 na 1970, hii ikiwa mojawapo, zilitiwa madini ya thoriamu katika kioo ili zikunje mwanga vizuri zaidi. Thoriamu hutoa mnururisho hafifu, na miaka ikipita mnururisho huo hugeuza kioo kuwa cha manjano. Usishtuke, msomaji. Kuipigia picha hakuna hatari ya kukunyima usingizi, mradi tu kioo hicho usikivunje wala kukisaga. Dawa yake ni mwanga wa jua. Lenzi ikiwekwa dirishani kwa majuma kadhaa, manjano hupungua. Lakini tahadhari: lenzi hukusanya miali ya jua na inaweza kuwasha moto. Iweke mbali na pazia na karatasi, uifunike upande mmoja kwa karatasi ya fedha ile ya jikoni, na usiiache bila mtu wa kuitazama.

Ule mng'aro wa zambarau nilioufuta ulikuwa ngozi nyembamba mno iliyowekwa kiwandani ili kupunguza mwanga unaorudishwa na kioo. Ikitoka, haikui tena. Na mikwaruzo haikuletwa na dawa ya meno peke yake. Vumbi la Mombasa lina chembe za mchanga. Nilipofuta kwa shati kabla ya kulipuliza, niligeuza pindo la shati kuwa msasa.

"Lenzi nyingi zinazofika hapa," Mzee alisema, "haziuawi na vumbi. Huuawa na wanaozipenda."

Basi, msomaji, ikiwa umerithi lenzi ya zamani, au wewe ni mwanafunzi unayetafuta lenzi nzuri kwa bei nafuu, shika haya.

Unaponunua, nenda na kurunzi. Mulika kutoka nyuma, uchungulie kwa mbele, kisha geuza. Vumbi chembe mbili tatu si kitu, kila lenzi ya zamani inalo. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, iache. Ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo usiofutika ni mvuke wa mafuta ya ndani uliotua hapo. Huo utafifisha picha zako zote, ingawa fundi aghalabu huweza kuutoa. Zungusha pete ya umbali: iende laini kama kijiko ndani ya asali, isikwaruze wala isilegee. Kisha zungusha pete ya mwanga ukiangalia vile vibati. Viwe vikavu, na vifunguke na kufunga papo hapo. Kama muuzaji hakupi nafasi ya kufanya hayo, zuia pesa zako.

Usidhani pia kwamba lenzi ya filamu haina kazi siku hizi. Ile ya baba huingia kwenye kamera kwa skurubu ya upana wa milimita 42, na viwanda vingi vya Ulaya na Japani vilitumia kipimo hicho hicho. Tangu mwaka wa 2008 kumekuwa na kamera za dijitali zisizo na kile kioo cha kuakisi ndani, na hizo huvaa karibu lenzi yoyote ya kale kwa kutumia pete ndogo ya kuunganishia. Utarekebisha umbali kwa mkono wako, lakini huko ndiko kujifunza. Wenye kamera za Nikon za kioo cha kuakisi wawe waangalifu: kwa pete ya kawaida, lenzi ya skurubu haitawaonyesha sawasawa vitu vya mbali.

Unaposafisha, anza kwa kutosafisha. Jiulize kama uchafu huo unaonekana pichani. Kama hauonekani, uache. Ukilazimika, puliza kwanza kwa kipulizo cha mpira, si kwa mdomo, maana mdomo hutoa mate. Kisha pitisha brashi laini sana. Alama ya kidole ikibaki, ndipo uchukue kitambaa safi cha kufutia miwani, ukitie tone moja la dawa ya lenzi, ufute taratibu kuanzia katikati kwenda kando. Tone litiwe kwenye kitambaa, lisitiwe kwenye kioo, lisije likapenya ndani. Yaliyo ndani mwachie fundi.

Na katika kuitunza, usiiweke kwenye mkoba wa ngozi. Tafuta kopo lenye kifuniko kinachobana, utie vile vifuko vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe mara kwa mara, hasa ukiwa pwani. Lenzi yenye kuvu usiiweke na nzima. Zaidi ya yote, itoe uitumie. Lenzi inayoona jua na hewa kila juma haiwi makao ya kuvu.

Mzee alitoa kuvu. Ilikuwa imekula kioo kidogo ukingoni, si katikati. Manjano yalipungua dirishani kwangu kwa majuma sita. Kuhusu mikwaruzo, nilimwomba abadilishe kioo cha mbele kwa kile cha lenzi niliyotapeliwa. Akakataa.

"Kwanza piga picha," akasema. "Kisha urudi uniambie unabadilisha nini."

Aprili mwaka wa 2019 nilirudi Mombasa na mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa chuoni na alikuwa na kamera ya dijitali. Tulimkalisha mama barazani, mgongo ukiwa upande wa ukuta, jua likiwa nyuma yetu. Mzee alikuwa ameniusia hivyo, kwamba lenzi yenye mikwaruzo haipendi kutazamana na jua: picha hupauka. Tuiepushe na jua, haitasema neno.

Mama aliuliza, "Ndilo lile?"

"Ndilo, mama."

Akakaa wima, akatengeneza leso yake kichwani, akatulia kama mtu aliyezoea kupigwa picha. Nilizungusha pete aliyokuwa akiizungusha baba, mpaka nikayaona makunyanzi ya macho yake vizuri.

Agosti mwaka uo huo alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Daktari hutoa lenzi ya asili iliyoingia ukungu na kuweka nyingine ya kutengenezwa, nami nilipoelezwa hivyo nilimkumbuka fundi wangu. Siku chache baadaye nilimpa mama picha ile, imechapishwa kubwa. Aliisogeza dirishani akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ndivyo nilivyozeeka," akasema, akacheka.

Hapo nikaungama. Nilimweleza juu ya dawa ya meno, juu ya uongo wa filamu na juu ya pesa nilizotapeliwa. Nikaitoa lenzi nikamwonyesha ile mikwaruzo. Aliigeuzageuza kwenye mwanga, kwa jicho lake jipya, akaiona yote. Kisha akarudi kuitazama picha, akapitisha kidole juu ya uso wake mwenyewe.

"Mbona huku siioni?" akauliza.

Sikurudi kwa Mzee kubadilisha kioo. Lenzi ile sasa anayo mwanangu, imo katika kopo lake na vifuko vyake. Nilimpa sharti moja tu: akiiona ina vumbi, aipulize, kisha akapige picha.