Kompyuta ya Michezo kwa Pesa ya Kisanduku

Mwezi huu wengi hapa Lobule mmeniuliza swali moja, njiani, kwenye bomba la maji, hata mlangoni mwa darasa: eti ni kweli vijana wa kikundi cha akiba wanataka kununua kompyuta ya kuchezea? Ndiyo, ni kweli. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa Arua kuuliza bei, naona afadhali niandike yote hapa, maana kila anayesimulia anaongeza chumvi yake.

Nianze na pesa. Katika kile kisanduku chenye kufuli tatu, sehemu yetu vijana ni shilingi 750,000. Tumeiweka kidogo kidogo, kwa kazi ya matofali, kwa kulima mashamba ya wenyeji, na kwa kuchaji simu za watu kwenye kibanda chetu cha sola. Tangu msaada wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, na mwaka 2025 wengi wakatolewa kabisa kwenye orodha, kila shilingi elfu hapa ina kazi tatu zinaingojea. Kwenye mkutano mama mweka hazina alisimama akasema, "Mwalimu, pesa hii ni mbuzi watano. Mbuzi anazaa. Hiyo ordinatere yenu itazaa nini?" Watu walicheka sana. (Sisi tuliotoka Aru na Ariwara bado tunasema ordinatere, wale waliosoma upande huu wanasema kompyuta, ni kitu kile kile.) Lakini swali la mama lilikuwa la kweli, na siku ile hakuna aliyelijibu.

Hoja ya vijana ni hii. Kila Jumapili wanapanda boda kwenda Koboko mjini kucheza mpira wa kwenye skrini. Wanalipa boda, wanalipa mechi, wanarudi usiku, na pesa inabaki kule. Kumbe mashine ikiwa hapa, mechi ikilipiwa shilingi 500, pesa inaingia kwenye kisanduku chetu wenyewe. Mimi niko upande wao. Ila niliwaambia jambo moja kabla sijapanda gari la Arua: tusianze na mchezo, tuanze na betri.

Vijana wengi wakitaka kompyuta ya michezo wanauliza kwanza, itacheza GTA? Hilo ni swali la mtu mwenye umeme wa ukutani. West Nile yote ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Ilitegemea jenereta, na kuanzia 2012 maji ya Nyagak kule Zombo, megawati 3.5 tu. Gridi ya taifa ilifika Arua mwaka 2024. Mjini sasa mtu anaweza kununua mashine kubwa akalala usingizi. Sisi kwenye kibanda chetu tuna sola.

Tupige hesabu pamoja, ni ya darasa la sita tu. Betri yetu ni ya volti 12 na ampea-saa 100. Ukizidisha unapata wati-saa 1,200. Lakini betri ya asidi ukiikausha yote inakufa mapema, kwa hiyo unahesabu nusu, 600. Inveta nayo inakula sehemu yake, zinabaki kama 500. Mashine pamoja na skrini zikila wati 100, tunacheza saa tano. Zikila wati 200, ni saa mbili na nusu, halafu simu za watu zinalala bila chaji. Na kuchaji simu ndiko kunakotulisha sasa hivi! Yaani mashine mbaya haitakula umeme peke yake, itakula na biashara tuliyo nayo.

Kwa hiyo nilipofika Arua nilikuwa natafuta wati kabla ya kitu kingine chochote.

Duka la kwanza walinionyesha keisi nyeusi yenye kioo ubavuni na taa za bluu na nyekundu zinazozunguka. Imebandikwa i7 mbele. Bei, shilingi 700,000 bila skrini. Kijana niliyekwenda naye macho yake yalibaki pale pale. Nikaomba iwashwe, tukasoma namba kamili ya prosesa: i7-870. Hiyo ilitoka mwaka 2009, ni kizazi cha kwanza, na kiwango chake ni wati 95. Kwenye meza ya pili kulikuwa na Dell OptiPlex, mashine ya kijivu ya ofisini, haina taa, haina maringo, ndani ina i5-4570. Hii ni ya 2013, kizazi cha nne, wati 84, na kwenye michezo mingi inamshinda huyo i7 mzee bila taabu. Tena ina picha zake ndani ya prosesa. Yule i7 hana kabisa, lazima umnunulie kadi ya picha, nayo kadi inataka kula.

Basi vijana, neno "i7" peke yake halina maana. Tazameni namba inayofuata. Kwa hizi mashine za zamani zenye tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: 2400 ni cha pili, 3470 ni cha tatu, 4570 ni cha nne. Ikiwa na tarakimu tatu tu, kama 870, ni kizazi cha kwanza, mrudishie mwenye duka kwa heshima.

Mashine hizi za ofisini zinatoka nje, makampuni yamezitumia miaka kadhaa halafu yakazibadilisha. Nyingi zinapitia Kampala, zinapakiwa pale Arua Park kwenye mabasi na malori ya kuja huku. Zimechoka nje lakini ndani ni chuma. Fundi mmoja mjini, kaka mpole sana, alinifungulia moja bila kudai kitu, akanionyesha vidonge vya umeme kwenye ubao mkuu. Vikivimba juu kama mandazi, usinunue hata kwa nusu bei.

Sasa huyo kaka alinifundisha kitu ambacho kwa maoni yangu kina thamani kuliko safari yote. Mashine ilikuwa na memori ya GB 4, kipande kimoja. Nilitaka kuongeza kipande cha GB 8. Akasema hapana, tafuta GB 4 nyingine inayofanana na hiyo, uweke mbili. Sababu ni kwamba picha za ndani ya prosesa hazina memori yake, zinaazima kwenye hii ya mashine. Vipande viwili vikikaa kwenye nafasi zake sawasawa, data inapita njia mbili kwa wakati mmoja badala ya moja. Kwa shilingi 35,000 mchezo unakuwa mwepesi waziwazi, na umeme unaoongezeka ni kidogo sana. Tulijaribu pale pale na PES 2013. Kabla, wachezaji walikuwa wanatembea kama wamekanyaga matope. Baada ya hapo, kijana wangu akafunga bao akasahau kwamba tupo dukani.

Kitu kingine ni diski. Ile ya zamani inayozunguka ni nzito na haipendi kutikiswa, na barabara ya kutoka Koboko mjini kuja hapa mnaijua. SSD haina kitu kinachozunguka ndani. Ya GB 240 niliambiwa shilingi 85,000. Haitaongeza mbio za mchezo wenyewe, lakini mashine inawaka upesi na michezo inafunguka upesi, na hapa kwetu kila dakika ya kungoja ni betri inayoungua bure. Ile ya zamani tutaiacha ndani, tuwekee michezo na vitabu.

Ubishi mkubwa ulikuwa kwenye kadi ya picha. Vijana wanaitaka, na mimi nimekataa kwa sasa, kwa hiyo nieleze. Hizi keisi ndogo za ofisini zinakubali kadi fupi tu. Pawa saplai yake haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa, na kwenye OptiPlex za kizazi hicho plagi yake ina pini nane badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo huwezi tu kununua nyingine dukani ukachomeka. Zinazofaa ni zile zinazojilisha kutoka kwenye ubao wenyewe, ambazo haziruhusiwi kupita wati 75. GTX 1050 Ti inafika hapo hapo 75. Hesabu yetu inakuwa kama wati 160 jumla, saa tatu betri kwisha. GT 1030 ni wati 30 tu, hiyo ndiyo ningependa. Lakini angalieni sana, ziko mbili zenye jina moja. Ya 2017 ina memori ya GDDR5. Ya 2018 ina DDR4, na memori yake inapitisha data karibu theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Kwenye boksi jina ni lile lile, wengi wanauziwa hiyo ya pili kwa bei ya ile. Someni maandishi madogo. Mimi niliambiwa 280,000, na muuzaji hakutaka tufungue boksi. Nikaiacha.

Hata GTA V yenyewe inadai zaidi ya GB 70 za diski. Nani hapa ana bando hilo?

Mwingine ameniuliza kuhusu Windows. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha nane kwenda juu. Mashine yetu itakaa bila intaneti kwa upande wa michezo, na upande wa pili tutaweka Linux, ambayo ni ya bure na inakubali vyuma vya zamani. Humo kuna SuperTuxKart, mbio za magari, na GCompris ya watoto wadogo, yenye hesabu na herufi. Wasichana wameniambia wao mpira hawautaki, wanataka hiyo ya magari. Vizuri, watakuwa na siku yao.

Hesabu ya mwisho ni hii. Mashine 380,000. Skrini ya LED inchi 19, 130,000, nayo inakula kama wati 20 tu, msikubali zile nene za zamani hata mkipewa bure. Memori 35,000. SSD 85,000. Pedi mbili 40,000. Usafiri 40,000. Jumla 710,000, zinabaki 40,000 za dharura, maana vumbi letu jekundu linajaza feni haraka. Itakaa juu ya meza, si chini, na kila wiki mbili itafunguliwa na kupigwa brashi. Mvua ikianza kunguruma, inachomolewa.

Mama mweka hazina nimempelekea karatasi hii nyumbani kwake. Aliisoma mara mbili. Akauliza kama mashine inaweza kuandika mitihani. Nikamwambia inaweza, na sisi walimu kila mwisho wa muhula tunalipa watu wa Koboko kuandikiwa mitihani, hiyo pesa inaweza kuja hapa. Akauliza tena, saa za shule itakuwaje? Nikasema imefungwa, ufunguo anao yeye. Akanyamaza, halafu akasema mbuzi wawili wanunuliwe kwanza.

Tukajadiliana mpaka jioni. Tumekubaliana pedi zinunuliwe moja badala ya mbili, SSD ingoje, na mbuzi awe mmoja. Nyingine atakayokuja nayo ni ya kwake mwenyewe. Jumamosi narudi Arua kuona kama ile ya kijivu bado ipo.