Mizani ya Mariakani



Mariakani ni mji ambao wengi wetu huupita tu. Uko katika Kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 35 kutoka Mombasa, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Hapo ndipo malori yatokayo bandarini, mengine yakielekea Uganda, Rwanda na Kongo, husimamishwa yakapimwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 hairidhiki na uzito wa gari zima, ambao ukomo wake ni tani 56. Hutazama pia kila ekseli, na ekseli ya pekee yenye magurudumu manne hairuhusiwi kuzidi tani 10. Reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 ina kituo chake hapo, lakini misururu ya malori haijakatika, na pembezoni mwake wamekusanyika mafundi, wauza matairi na akina mama wa chai na mahamri.

Sisi watatu tulikaa Mariakani siku mbili bila kukusudia. Tulitoka Malindi baada ya Sala ya Alfajiri, tukavuka daraja la Kilifi, tukakata kulia Mavueni na kushika njia ya Kaloleni. Gari letu ni lile mlilolichangia kwa ajili ya da'wa: la abiria, kuukuu, lililong'olewa viti likawekwa vitanda viwili na jiko la gesi, ili tukifika Bamba na vijiji vyake tusiwe mzigo kwa wenyeji. Tulipoipita minazi ya Kaloleni tukasikia nyuma mvumo kama wa nyuki mzingani. Dereva alisema ni matairi. Tulipofika Mariakani mvumo ulikuwa umegeuka kuwa kilio.

Fundi tuliyempata hakushika spana. Aliuliza kwanza: "Sheikh, hulia mkikanyaga mafuta, au hata mkiachia? Na kwenye kona, sauti hubadilika?" Kisha akatufunza. Beringi ya gurudumu ikichakaa, huvuma kwa kadiri ya mwendo, na sauti hubadilika gari likiegemea upande mmoja konani. Krosi ya propela hugonga gari linapoanza kuondoka. Difu hulia mafuta yakikanyagwa, na hupoa yakiachiwa. Letu lilikuwa la namna hii ya tatu.

Hata hivyo hakutegemea sikio peke yake. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, akashika kila gurudumu juu na chini na kulitikisa. Hayakucheza, wala hapakuwa na oili iliyovuja kwenye sili. Ndipo akafungua nati ya difu na kukinga karai. Kilichotoka kilikuwa kizito kama uji, kimechanganyika na vumbi la mbao, na ndani yake vimeta vya chuma. "Aliyetia hivi alijua," akasema. Vumbi lile hunyamazisha meno yaliyolika kwa siku chache, kiasi cha kumpata mnunuzi.

Tulimpigia simu aliyetuuzia. Hakupokea.

Wakati ule mtu mmoja aliyekuwa akinywa chai karibu yetu akauliza kama gari tunaliuza, kwani alitaka la kubebea wanafunzi. Mwenzetu mmoja akatunong'oneza: tumimine oili nzito, tufunge, tuuze, fedha hizi ni za Waislamu, na zikipotea tutaulizwa. Hatukumkemea. Tulinyamaza kitambo, tukipiga hesabu, na kwa kunyamaza kule tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Kisha tukamkumbuka Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta majimaji, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone. Tukamwita yule bwana, tukamwonyesha karai. Akatushukuru, akaenda zake.

Difu nyingine ya mtumba ilimaliza akiba yote ya safari. Bamba hatukufika. Hili ni haki yenu kulijua, kwa kuwa mali ni yenu, na kosa la mwanzo ni letu: tulinunua bila fundi, tukiona haya kulikagua gari la mtu tunayesimama naye safu moja msikitini. Sheria yetu imempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye ila iliyofichwa. Kukagua basi si kumdhania mtu vibaya. Mwenye kununua gari kuukuu aliendeshe mlimani na konani, asikilize, na aitazame oili ya difu kabla ya kutoa fedha.

Jioni ya pili tuliyaona malori yakipanda mizani, ekseli moja moja. Hakuna dereva aliyeonekana kuona haya kupimwa.

Wabillahi tawfiq.