Nyumba Njema Si Mlango

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii niliisoma nikiwa chuo cha ualimu, kisha nikaifundisha darasani kwa miaka minne kabla ya kuhamia kazi ya ofisini. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba ni fumbo juu ya tabia ya mtu, wala haihusu nyumba hata kidogo. Leo nakiri mbele yako, ndugu msomaji, kwamba nilikosea. Methali ile yahusu nyumba pia, nami nimejifunza hayo kwa hasara.

Kazi yangu sasa ni ya ukarani katika ofisi mojawapo ya serikali hapa Arua. Miongoni mwa karatasi zipitazo mezani pangu ni maombi ya wananchi watakao kujenga. Kutwa nzima nauliza maswali yale yale: Ramani iko wapi? Kiwanja ni cha nani? Choo kitachimbwa upande gani? Sheria naijua. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima ya Uganda kuwa eneo la mipango, mjini na shambani. Na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 ikaagiza kwamba mtu asianze kujenga pasipo kibali. Nimewarudisha nyumbani wazee wenye mvi kwa sababu ya karatasi moja iliyopungua. Na mimi mwenyewe, nilipomjengea mama yangu nyumba kule Koboko, sikupeleka ramani popote.

Kabla sijaeleza yaliyonipata, yafaa nieleze kidogo hali ya makazi ya kwetu, maana kosa langu si langu peke yangu.

Arua ilianza kuwa makao ya serikali ya kikoloni mwaka 1914. Mitaa yake ya zamani ina majina ambayo msomaji wa Kiswahili atayafurahia: kuna Tanganyika, kuna Kenya, na kuna Pangisha. Kila ajuaye lugha yetu husikia katika jina hilo la mwisho sauti ya mpangaji na mwenye nyumba. Katikati ya mji yalikuwako maduka ya Wahindi, ghorofani makazi na chini biashara. Walipofukuzwa nchini mwaka 1972, nyumba za namna hiyo kote Uganda ziliwekwa chini ya bodi ya serikali, na wengi waliokaa ndani yake hawakuwa na hakika watakaa mpaka lini. Mtu asiyejua kama kesho atakuwapo hapaki rangi ukuta, wala hazibui mfereji. Hapo ndipo tulipojifunza, nadhani, desturi ya kukaa katika nyumba bila ya kuitunza.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1979, na baada yake mapigano ya mwaka 1980 na 1981 katika West Nile. Vijiji viliteketezwa. Watu wetu wa Koboko walivuka mipaka kwa miguu, hawa wakienda Sudan, hawa wakienda Zaire. Waliporudi, wengi wao mnamo mwaka 1986, walikuta msitu mahali palipokuwa nyua zao. Kwa hiyo karibu kila nyumba uionayo leo katika wilaya ile imejengwa upya na mikono ya watu waliorudi bila kitu.

Mwaka 2020, tarehe 1 Julai, Arua ilipandishwa kuwa jiji. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini jiji lile lilimeza pia tarafa za kaunti ya Ayivu, kama vile Adumi na Oluko, mahali ambapo watu hulima muhogo na hulala chini ya paa za nyasi, juu ya ardhi ya ukoo isiyo na hati. Watu hao walilala wanakijiji wakaamka wanajiji. Ramani ya jiji yaweza kuchorwa kwa mwezi mmoja. Lakini ardhi ya ukoo ina wajomba, mashangazi na makaburi, nayo haikubali kupigwa mistari upesi. Ongeza juu ya hayo ndugu zetu wa Sudan Kusini waliokimbia vita vya mwaka 2013 na 2016. Wengi walipelekwa makambi ya Rhino Camp na Imvepi, lakini wenye uwezo kidogo walitafuta vyumba mjini Arua na Koboko. Wapangaji wakawa wengi kuliko vyumba, na kodi ikapanda.

Haifai kusema kwamba hapakufanyika kitu. Kwa mpango wa kuimarisha miji ulioanza mwaka 2013 kwa fedha za Benki ya Dunia, barabara kadhaa za Arua zilitiwa lami, zikachimbiwa mifereji na kuwekewa taa. Mwaka 2022 ikatungwa sheria ya wenye nyumba na wapangaji, isemayo kwamba kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Haya ni mema. Lakini lami huishia mlangoni. Ndani ya mlango ni kazi yetu wenyewe.

Mimi nimepanga vyumba viwili mtaani Pangisha. Bati la paa langu lilianza kuvuja mvua za mwaka jana. Nikamwendea mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima, nikasema, "Mama, paa linavuja." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, misumari ni shilingi ngapi? Wewe ndiwe uonaye tundu." Nilitoka pale nimekasirika. Kwa muda wa mwezi mzima niliweka sufuria chini ya tundu lile, kila mmoja wetu akimngoja mwenzake, na ubao wa dari ukaoza. Msumari wenye kofia na kipande kidogo cha lami vingelitosha siku ile ya kwanza.

Sasa nirudi Koboko. Tangu marehemu baba afariki, mama amekuwa akikaa katika nyumba ya msonge aliyoijenga pamoja naye. Wenzangu kazini walikuwa wakiniuliza, "Mwalimu, wewe una mshahara wa serikali, na mama yako bado yumo katika nyasi?" Maneno hayo yaliniuma. Nikaweka akiba kwa miaka mitatu, nikaazimia kumjengea nyumba ya kudumu, ya matofali na mabati.

Kwetu matofali ya kuchoma yahitaji tanuri, na tanuri hula kuni nyingi kupita kiasi. Misitu yetu imekwisha, sehemu kwa kukausha tumbaku, sehemu kwa mkaa, sehemu kwa tanuri hizo. Fundi aliyazunguka makao yetu, akatazama mwembe mkubwa ulio mbele ya ua, akasema, "Huu unatosha." Nikakubali. Mama alikuwa akichambua mboga. Hakusimama. Akasema tu, "Tuliporudi kutoka Sudan, mimi na baba yako tulilala chini ya mti huu kwa miezi miwili. Huo ndio nyumba yangu ya kwanza. Ukitaka kuniondoa katika nyumba ya pili, usianze kwa kuivunja ya kwanza."

Fundi akaweka shoka chini. Mimi nikaona haya.

Ndipo nilipoikumbuka mashine ya mkono ya kufyatulia matofali ya kushikamana, ambayo hutumiwa siku hizi katika sehemu nyingi za Uganda. Tofali lake halichomwi. Udongo huchekechwa, hutiwa saruji kidogo, yapata asilimia 5 hadi 10, hunyunyiziwa maji, kisha hukandamizwa kwa nguvu ndani ya chuma. Matofali hayo huingiana kwa meno yao, kwa hiyo hayahitaji chokaa wala saruji nyingi katikati. Kwetu sisi, ambao saruji hutufikia baada ya safari ndefu kutoka viwanda vya mbali kama Tororo, hiyo si akiba ndogo. Nikaikodi mashine, mwembe ukasalimika, na mama akatupikia uji.

Kosa langu likaanzia hapo, nalo ni haraka. Tofali la namna hii lataka kufunikwa na kunyweshwa maji kwa siku zisizopungua saba, kisha kuachwa likomae mpaka wiki nne. Likizo yangu ilikuwa ya wiki tatu tu. Niliyanywesha matofali siku tatu, siku ya nne tukaanza kuta. Upenu nikaufanya mfupi, ili mabati yatoshe. Mabati yenyewe nilinunua ya geji 32 kwa kuwa ni ya bei nafuu, nikijua vema kwamba kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Na kiwanja nilikichagua upande wa bondeni, karibu na njia, ili wapitao waione nyumba ya mwalimu. Mlango niliununua wa chuma, wenye nakshi, nikaupaka rangi ya buluu. Huo ndio uliosifiwa na wote.

Mwezi wa Agosti mvua zilipokaza, maji ya njia yote yaliteremkia ukutani. Usiku mmoja pembe ya chumba cha kulala ikaanguka, juu ya kitanda. Mama hakuwamo. Alikuwa amerudi kulala katika msonge wake tangu wiki iliyotangulia. Nilipofika asubuhi ya pili kwa basi, huku magoti yakinitetemeka, nilimkuta ameketi chini ya mwembe. Nikamwuliza, "Mama, uliwezaje kujua?" Akasema, "Ukuta ulikuwa unanuka maji. Sikutaka kukuambia, kwa kuwa ulifurahi mno." Mlango wa buluu ulikuwa umesimama palepale, haukupata hata alama.

Ndugu msomaji, nimelifikiri jambo hilo siku nyingi. Ile ramani niliyoidharau ina swali moja dogo lisemalo: maji ya mvua yatapita wapi? Swali hilo nimewauliza watu kwa midomo tu, kama mtu asomaye sala asiyoielewa. Kama ningalikwenda mbele ya afisa wa mipango pale Koboko, naye angaliniuliza mimi, nisingalijenga bondeni. Kibali tunakiona kuwa ni kodi na usumbufu, na mara nyingine sisi makarani ndio tunaokifanya kuwa hivyo. Lakini asili yake ni mtu wa pili kuitazama nyumba yako kabla maji hayajaitazama.

Nimejifunza na jambo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi. Msonge wa mama una umri mkubwa kuliko mimi, nao haujaanguka. Kwa nini? Kila kiangazi, Desemba hadi Machi, mama huukandika upya kwa udongo, samadi na majivu. Kila baada ya miaka michache huita vijana, nyasi zilizooza zikatolewa, mpya zikaezekwa. Mchwa akionekana kwenye nguzo leo, leo hiyo hiyo hung'olewa. Nyumba ile inadumu kwa sababu kila mtu anajua kwamba haidumu. Sisi wa mabati tumeiita yetu "nyumba ya kudumu", na jina hilo likatulaza usingizi. Twadhani saruji itajitunza yenyewe. Nyumba zetu za kupanga, na nyumba nyingine za umma tuzionazo zikimomonyoka, zimeugua ugonjwa huo mmoja.

Tulijenga tena kiangazi kilichofuata, mara hii juu kidogo, mahali mama alipochagua, baada ya ramani kupitishwa. Kwa faida ya wenye nia ya kujenga, nataja yale tuliyoyafuata. Matofali yalifunikwa kwa nyasi, yakanyweshwa kutwa mara mbili kwa wiki nzima, kisha yakangoja wiki tatu nyingine. Safu za chini tulizijenga kwa mawe. Upenu ulitokeza urefu wa mkono mzima, na mabati yalikuwa ya geji 28, ingawa ilinibidi kungoja mishahara miwili zaidi. Mfereji ulichimbwa kabla ya msingi. Na katika daftari nimeandika tarehe: kila mwezi wa Machi, kabla ya mvua, mtu apande juu ya paa akague misumari, na mtu azibue mfereji.

Nchini kwetu uko mfano mzuri wa kujitegemea. Kule Masese, Jinja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wenye kipato kidogo walishiriki kwa mikono yao kutengeneza vifaa na kujenga nyumba zao, kwa msaada wa Denmark. Mtu aliyelifyatua tofali kwa mkono wake hulijua linapougua. Jiji la Arua na mji wa Koboko vitahitaji mafundi, fedha na sheria. Lakini vitahitaji zaidi wenyeji wa namna hiyo.

Juma lililopita alikuja ofisini mzee mmoja kutoka Ayivu. Karatasi moja ilikuwa imepungua. Zamani ningalimrudisha. Nilimwambia, "Mzee, keti kwanza. Nichoree hapa, mvua ikinyesha, maji ya kwako hupita wapi?" Akaichukua kalamu, akachora kilima, akachora njia, akachora mti. Tulikaa yapata saa nzima. Jioni nilipofika nyumbani Pangisha nilipitia dukani, nikanunua misumari yenye kofia, nikapanda juu ya paa la mama mwenye nyumba. Naye alinishikia ngazi.