Nani Atakaa Nyuma?



Ndugu zetu wapenzi, kwa muda wa miezi minne mazungumzo ya nyumbani kwetu baada ya sala ya Isha yalikuwa juu ya gari. Zamani tulikuwa watu watano, na gari letu dogo lilitutosha. Kisha ndugu yetu akatangulia mbele ya haki, na wanawe wawili, mvulana wa miaka 11 na msichana wa miaka 7, wakaja kukaa nasi. Tukawa saba. Tangu siku hiyo kila safari ilikuwa mtihani: ama tubanane na kupakatana, jambo la hatari, ama baadhi yetu wabaki nyumbani.

Tukaazimia kununua gari la safu tatu za viti, na moyo wetu ukaelekea kwa Toyota Land Cruiser Prado. Hatukukosa hoja. Mama yetu yuko Lamu, na njia ya Garsen na Witu tuliikumbuka kwa matope yake. Gari lile ni imara, magurudumu yake yote manne huvuta, tangi lake hubeba lita 87, na mafundi wanaolijua wako kila mji. Lakini ukweli wapaswa kusemwa. Kulikuwa na hoja nyingine tusiyoitamka, nayo ni kuonekana tukishuka humo mbele ya msikiti siku ya Idi.

Bei ndiyo iliyotuzuia. Mengi ya magari haya hushushwa katika bandari yetu yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na sheria hairuhusu yaliyozidi umri wa miaka 8. Juu ya bei ya kununulia huja ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Injini ikiwa kubwa, kama ile ya dizeli ya lita 2.8, ushuru nao hupanda. Mkopo wa riba hatukuufikiria. Tuliiendea benki kwa njia ya murabaha: benki hulinunua gari likawa mali yake, kisha hutuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, nasi tukalipa kwa mafungu yasiyoongezeka. Mkataba ni halali, lakini uhalali wa mkataba hauondoi uzito wa deni. Malipo ya awali peke yake yalitushinda.

Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Marhumu aliwaachia wanawe akiba, nayo iko mikononi mwetu kama amana. Usiku mmoja, mmoja wetu akasema, "Gari hili si ni lao pia? Tukichukua humo kidogo, tutarudisha." Mwingine hakujibu, na kunyamaza kule kulikuwa nusu ya kukubali. Onyo la aya ya 10 ya Sura An-Nisaa juu ya mali ya yatima tunalijua tangu chuoni. Hata hivyo tulilala na wazo lile, na asubuhi tukaenda yadi pamoja na watoto kulitazama gari.

Muuzaji alipofungua milango, harufu ya ngozi ya viti ikatulaki. Watoto wetu watatu wakakimbilia safu ya pili. Yule mvulana hakukimbia. Alimshika mkono mdogo wake, akasubiri kiti kikunjwe, wakapenya hadi nyuma kabisa, wakaketi kimya. Hakuna aliyewaelekeza. Hatukumbuki kuwahi kumwambia kwamba mahali pake ni nyuma, lakini ilidhihirika kwamba alikwisha kujifunza, na mwalimu hakuwa mwingine ila sisi.

Tukawaomba washuke, tukaingia sisi wenyewe. Sakafu ya safu ya tatu imeinuka, hata magoti yetu yakakaribia vifua. Nyuma ya viti vile, mlango unaofunguka kwa ubavu uliacha nafasi isiyozidi ya begi dogo.

"Bwana, hili ni la watu saba?" mmoja wetu akauliza.

"Saba kamili, mama."

"Na mizigo ya hao saba?"

"Kwa mizigo, mama, mnakunja viti vya nyuma."

"Na waliokaa nyuma?"

Akatabasamu, asiwe na la kusema. Nasi tukatazamana, kwani jibu tulikuwa nalo. Tulikuwa tayari kugusa mali ya yatima ili tuwanunulie yatima hao hao mahali pabaya kuliko pote garini.

Hatusemi kwamba Prado ni gari baya. Mwenye shamba ndani ya bara, au mwenye kazi ya njia mbovu, atalishukuru. Lakini njia ya Lamu sasa ina lami, kwa hiyo hoja yetu kubwa ilikuwa kumbukumbu tu. Na hata ukifika na gari la mamilioni, mwisho wake ni Mokowe. Hapo utaliegesha juani, upande mashua pamoja na aliyekuja kwa basi.

Mwishowe tulinunua Toyota Noah ya lita 2.0. Sakafu yake iko chini, milango yake huteleza, na mtu mzima huketi safu ya tatu bila kujikunja. Viti vya nyuma hukunjwa kuelekea ubavuni pakihitajika nafasi ya mizigo. Haipendi matope, na ikijaa watu hupanda kilima kwa subira. Nasi tumejifunza subira hiyo. Deni lake twalimudu, na amana ya watoto haikuguswa hata senti.

Siku ya kwanza yule mvulana alisimama kando ya mlango akauliza, "Ami, nikae wapi?"

Tukamwambia, "Popote upendapo."

Alifikiri kidogo, kisha akachagua kiti cha katikati karibu na dirisha. Mwanetu mkubwa alinuna, akaenda nyuma. Tukamwacha anune. Tangu hapo viti ni kwa zamu, na wazazi hatukusazwa: asiyeshika usukani huwa na zamu yake nyuma.

Ndugu zetu mnaokusudia kununua gari la familia, swalini istikhara, pelekeni fundi mnayemwamini, na hesabuni deni kabla ya kuhesabu farasi wa injini. Lakini kabla ya yote, ingieni safu ya tatu, mkae humo muda wa kutosha, kisha mjiulize ni nani mliyekuwa mmemkusudia kiti kile.

Wabillahi tawfiq.